Chopsi za Jumatano

Kijana yeyote anayenipigia simu saa kumi na mbili jioni kuniuliza namna ya kupika chopsi za nguruwe, namuuliza kwanza: nyama yako imeshinda wapi? Akinijibu kwamba ndiyo anatoka nayo buchani na wageni tayari wamekaa sebuleni, namwambia akaange mayai, chopsi tutaongea kesho. Si ukali. Mlo wa haraka wa jioni huanza asubuhi, na hilo nimelijua baada ya kuharibu nyama nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Nilipika miaka ishirini na mitatu kwenye kambi ya wafanyakazi nje kidogo ya Geita. Ilikuwa ya mkandarasi mmoja wa mgodini, na watu wake walikuwa madereva wa malori, mafundi na wachorongaji wa miamba. Sasa nimestaafu, nimerudi kwetu Mhunze, nafuga kuku na kubishana na mume wangu. Jina langu ni Kabula, ila kambini hakuna aliyelijua. Nilikuwa Mama Shija tu.

Wiki iliyopita alinipigia Neema, binti wa mdogo wangu, muuguzi pale Geita mjini.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Umeunguza nini?"

"Umejuaje?"

"Hujawahi kunipigia saa hizi kunisalimia."

"Chopsi," akasema. "Nje nyeusi tii, ndani bado mbichi. Na nilifuata maelezo yako yote. Viungo, soya sosi, asali."

"Asali uliitia lini?"

"Asubuhi. Nikailoweka nayo."

Basi nikacheka mpaka mume wangu akatoka ndani kuuliza kuna nini. Sikumcheka Neema. Nilijicheka mwenyewe, kwa sababu chopsi zangu za kwanza kambini nilizitendea hivyo hivyo. Nikaona niwaandikie wote, wewe Neema na wenzako mnaotoka kazini mmechoka mnataka chakula kizuri ndani ya dakika ishirini.

Mimi nilikwenda Geita nikijua kupika ugali, mlenda, dagaa, na nyama ya ng'ombe ya kuchemsha. Kambini siku ya pili nikaambiwa kesho ni Jumatano, siku ya chopsi. Nikauliza hiyo chopsi ni mboga gani. Wakacheka jiko zima, isipokuwa mtu mmoja, mpishi mkuu, Mzee Sefu.

Mzee Sefu alikuwa mtu wa Tabora, Mwislamu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Nguruwe hajawahi kuigusa maishani. Jiko la nguruwe lilikuwa banda la nje, hatua kama kumi kutoka jiko kubwa, na vyombo vyake vyote vilikuwa na mpini mwekundu: visu, vibanio, mwiko, brashi ya kupakia mchuzi. Alama hiyo aliiweka yeye. Na banda hilo nikapewa mimi, mgeni wa wote, kwa sababu wengine hawakulitaka.

Jumatano ile ya kwanza nikachanganya kila kitu kwenye beseni moja, na asali yote humo humo. Asali yetu ilikuwa inatoka Runzewe, nyeusi kidogo, ina harufu ya moshi wa mzinga. Nikaitupa nyama kwenye moto mkali. Baada ya dakika mbili banda likajaa moshi, macho yananitoka machozi, chopsi zimekuwa kama mkaa. Mzee Sefu akaja akasimama nje ya mlango, hakuingia.

"Mama Shija, asali ni sukari. Sukari inaungua kabla nyama haijapata habari. Ipike nyama kwanza, asali iingie mwisho."

"Wewe umejuaje, na nyama hii huli?"

"Mimi siijui nyama yako," akasema. "Lakini moto naujua."

Hivyo ndivyo alivyonifundisha, akiwa nje ya mlango. Alikuwa anasikiliza. Kikaangio kikipiga kelele sana anasema, "Punguza." Kikinyamaza anasema, "Umejaza nyama nyingi, inatoa maji, inajichemsha." Kila jambo alinionyesha kwanza kwa kuku wake jikoni kwake, kisha nakwenda bandani kulijaribu kwa nguruwe wangu, na kurudi kumweleza yaliyonipata. Nadhani hakuna mtu aliyefundishwa chopsi na mwalimu asiyezila kama mimi, na sijaona mwalimu aliyempita.

Sasa sikilizeni. Buchani usikubali nyama ikatwekatwe kwa panga kama ya kukaanga na ndizi. Omba ya mbavu yenye mfupa, ikatwe kwa msumeno, unene wa kidole gumba. Asubuhi, kabla hujatoka, kwa vipande vinne twanga kitunguu saumu punje nne na tangawizi, tia pilipili manga, soya sosi vijiko viwili na mafuta kijiko. Chumvi acha, soya sosi inayo. Ndimu usitie asubuhi, ikishinda na nyama mchana kutwa inailegeza mpaka inakuwa kama unga. Kamulia jioni. Weka kwenye friji. Kama huna friji, usiiache nyama kwenye joto la Geita ukaenda kazini. Nunua ukirudi, loweka nusu saa, inatosha.

Jioni itoe mapema, ivue viungo, ipanguse ikauke. Nyama yenye maji haikaangiki. Ule ukanda wa mafuta pembeni ukate kwa kisu sehemu mbili tatu, la sivyo chopsi itajikunja kama jani kavu. Kikaangio kizito, moto wa kati, dakika nne au tano kila upande. Chana karibu na mfupa uangalie: maji yawe meupe, yasiwe mekundu. Nguruwe mbichi ina minyoo, haina mzaha. Ikishaiva, hapo ndipo unapunguza moto na kumwaga mchuzi wako: asali vijiko viwili, maji kijiko, ndimu kidogo. Geuzageuza mpaka ing'ae na kunata. Epua, iache itulie wakati unakata kachumbari. Yale maji uliyolowekea nyama mbichi mwaga.

Nyumbani nilipika hivyo siku za kazi, mimi na mume wangu tu, watoto wakiwa shule za bweni. Baba Shija amekulia machungani. Kwake nyama ni ng'ombe, na mbuzi ni ng'ombe mdogo. Siku ya kwanza nilipomwekea chopsi alizitazama kwa muda mrefu.

"Hii inang'aa nini?"

"Asali."

"Nyama inapakwa asali kwani ni mgonjwa?"

Akala moja kwa adabu. Akala ya pili. Kisha akaangalia yangu, akauliza kama nimeshiba. Mpaka leo anasema nguruwe si nyama, na akiona naweka kikaangio jikoni jioni ananawa mikono kabla sijamwita.

Lakini kuna Jumatano moja ambayo lazima niwasimulie, kwa sababu nisipoisema mtadhani kazi hii ni viungo na moto tu.

Ilikuwa Ramadhani. Kambi yetu ilikuwa na Wakristo wengi na Waislamu wengi, na ratiba ya chakula haikubadilika: Jumatano chopsi kwa wanaokula, kuku kwa wengine. Vyote tulivipaka mchuzi ule ule wa asali. Niliupika mimi kwenye sufuria moja safi jikoni kwa Mzee Sefu, kisha nagawa mabakuli mawili kabla brashi yoyote haijagusa. Moja linabaki, moja naenda nalo bandani.

Siku hiyo mvua ilinyesha tangu saa tisa. Maji yakaingia bandani, mtungi wa gesi ukaniishia katikati, nikapoteza muda kubadilisha. Juma lililotangulia tulikuwa tumechelewesha chakula mara mbili, na meneja wa kambi alikuwa amemwambia Mzee Sefu mbele yetu sote kwamba tukichelewa tena ataleta wapishi wengine kutoka Mwanza. Kwa hiyo wote tulikuwa tunakimbia. Ilipofika saa kumi na mbili na robo chopsi zangu zilikuwa tayari. Nikazifunika, nikakimbilia jiko kubwa kuona kama wanahitaji mkono. Dada aliyesimamia kuku alikuwa amekwenda stoo kuchukua tende za kufuturia. Mzee Sefu alikuwa nyuma ya jiko, anatawadha. Trei nne za kuku zilikuwa mezani, zimetoka kwenye oveni, zinangoja kupakwa asali mara ya mwisho. Bakuli la mchuzi lilikuwa pale.

Nikaanza kupaka. Nikapaka trei ya kwanza, nikapaka ya pili, nadhani na ya tatu niliigusa. Ndipo nikaangalia mkono wangu. Mpini ulikuwa mwekundu.

Nilikuwa nimetoka bandani na brashi ya nguruwe mkononi bila kujijua.

Wanangu, nikaishusha brashi. Nilitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Kuku walikuwa wanang'aa vizuri, wanafanana wote. Nikaificha brashi chini ya aproni, na sitawadanganya, nilisimama pale na wazo la kunyamaza. Nilijiambia ni mafuta kidogo tu. Nilijiambia wao hawajui, na asiyejua hana kosa. Nilijiambia nikisema tutachelewa, na tukichelewa sote tunafukuzwa, na huyo mzee mwenyewe atafukuzwa kwa ajili yangu. Sababu zilikuwa nyingi, na kila moja ilikuwa nzuri.

Mzee Sefu akaingia, mikono inadondosha maji, midomo imekauka kwa saumu. Akaniuliza, "Chopsi zako zimeiva, mayu?" Neno hilo la Kisukuma, yaani mama, alikuwa amejifunza kwangu, na alilisema vibaya kila siku. Nilipomwangalia usoni zile sababu zote zikaisha.

Nikaitoa brashi chini ya aproni nikaiweka mezani.

"Nimepaka kuku kwa hii."

Akaiangalia ile brashi. Akakaa juu ya gunia la mchele.

"Trei zipi?"

"Mbili. Au tatu. Sina uhakika."

"Basi ni zote nne," akasema. Kisha akauliza, "Nani mwingine ameona?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo ungeweza kunyamaza."

"Ndiyo, mzee."

Akainama kidogo, kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Nilingoja anitukane. Aliposimama akasema, "Kuku wote watoke humu. Mabakuli, meza, kila kitu kioshwe. Maharage yapo, mayai yapo, uji upo. Na bwaloni nani ataenda kuwaambia?"

"Mimi."

"Nitasimama karibu nawe. Ila utasema mwenyewe."

Bwalo lilikuwa limejaa. Waislamu walikuwa wamekaa upande wa madirisha na vikombe vya maji mbele yao, wanangoja adhana. Nikaeleza kwa maneno machache: kuku wa leo hawafai, nimewapaka kwa brashi ya nguruwe, nimekosea, naomba radhi, mtafuturu kwa uji na mayai na maharage na tutachelewa kidogo. Akasimama Athumani, dereva wa lori, mtu mkubwa mwenye sauti ya kujaza nyumba, na mpenzi mkubwa wa kuku wangu wa asali.

"Mama Shija, ya leo umeisema. Jumatano zilizopita je?"

Swali hilo sikulitegemea. Ingekuwa rahisi kumwambia haijawahi kutokea. Mzee Sefu alikuwa amesimama nyuma yangu, hakunisaidia hata kwa kikohozi.

"Sikumbuki kukosea zamani," nikamjibu. "Lakini hata leo nilikuwa sijui mpaka nilipoona mpini. Siwezi kukuapia, baba."

Akanitazama, akasukuma kiti, akatoka nje kwenye mvua. Wengine kama kumi wakamfuata. Mtu mmoja nyuma akasema taratibu, "Afadhali angenyamaza tu." Wale waliobaki wakafuturu kwa tende na uji, na mayai yakafika baadaye. Upande wa pili Wakristo wakajikuta na chopsi na kuku pamoja, hawajui washukuru au wasikitike.

Meneja alinipa barua ya onyo. Wapishi wa Mwanza hawakuja, Mzee Sefu alikwenda kuongea naye na mpaka leo sijui alimwambia nini. Lakini Athumani na wenzake hawakula kwetu. Kila jioni walikwenda kwenye duka karibu na geti, wakafuturu kwa mikate na maziwa ya kuganda. Nilikuwa nawaona wakipita. Nilimwomba Mzee Sefu awabembeleze.

"Hapana," akasema. "Hao hawajakosea. Wakitaka kurudi watarudi. Kazi yetu ni kuwapa kitu cha kukiangalia."

Akamwita fundi, wakabomoa ukuta wa mbao kati ya jiko na bwalo, wakaweka kaunta. Mtu yeyote akawa anaona tunachofanya tangu kuku anaoshwa. Mchuzi ukapikwa kwenye sufuria mbili, yangu bandani na yake jikoni, tangu mwanzo. Siku za Jumatano mimi sikuingia jiko kubwa hata kuchukua chumvi, na chopsi zilitolewa kwa dirisha la bandani. Brashi nikaiacha kabisa, chopsi nikazigeuzia ndani ya kikaangio chenyewe, na mkitaka kujua, hivyo ndivyo zinavyoshika asali vizuri zaidi.

Siku ya Idi Athumani akaja saa nne asubuhi, akasimama kwenye kaunta. Alisimama hapo akitazama kuku wakioshwa, wakiungwa, wakiingia kwenye oveni, wakitoka. Alipopewa sahani aliichukua akaenda kukaa peke yake. Kesho yake akapita tena, nami nikiwa nachambua mchele.

"Mama Shija."

"Abee."

"Jana chumvi ilipungua."

Nikamjibu nitaangalia. Kisha nikaenda nyuma ya jiko nikalia kidogo, kwa furaha, maana mtu hakosoi chumvi ya chakula asichokusudia kukila tena.

Miaka ikapita. Gesi ikaondoka, yakaja majiko ya umeme. Wakaja vijana waliosomea upishi, wenye kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama, na nikawapenda kwa kifaa hicho, nikanunua changu. Mzee Sefu akaanza kulalamika magoti. Mwisho akasema anarudi Tabora kwa wanawe. Meneja, huyu alikuwa mwingine, mgeni, akaita kikao bwaloni kutuambia kwamba atatafuta mpishi mkuu kutoka nje, Mwislamu, kwa sababu jiko kubwa linahitaji mtu ambaye Waislamu watamwamini. Sikuona ubaya. Hata mimi niliona ni haki.

Mzee Sefu akaomba kusema. "Kabla hujatafuta nje, waulize wanaokula."

Meneja akawageukia. Wakaangaliana, kama watu wanavyofanya kikaoni. Kisha Athumani akasimama, sasa ana mvi, tumbo limemtangulia.

"Mimi naona apewe Mama Shija," akasema.

"Lakini yeye ndiye mpishi wa nguruwe," meneja akasema.

"Tunajua. Banda apewe mwingine, yeye aje huku." Akanitazama, halafu akamgeukia meneja. "Bosi, wapishi wote wanakosea. Huyu akikosea atatuambia kabla hatujala."

Hakuna aliyepinga. Mzee Sefu akavua aproni yake, akaikunja vizuri, akaniwekea mezani.

"Wabeja, mayu," akasema, yaani asante mama, na kwa mara ya kwanza neno lile akalitamka sawasawa.

Nikaivaa. Zamu ya mchana ilikuwa inakaribia kutoka, na mchele ulikuwa bado haujaoshwa.